Mitambo Inapounganishwa na Mtandao

Tarehe 23 Desemba 2015, wakati wa alasiri, jambo lisilo la kawaida lilianza kutokea katika jimbo la Ivano-Frankivsk, magharibi ya Ukraine. Katika chumba cha kuongozea mitambo cha Prykarpattyaoblenergo, shirika linalogawa umeme katika jimbo hilo, mfanyakazi aliyekuwa zamu aliona kishale kikitembea chenyewe kwenye kioo cha kompyuta yake. Hakuna mtu aliyekuwa amekigusa kipanya. Kishale kilikwenda moja kwa moja penye alama ya swichi kubwa ya kituo kimoja cha kupozea umeme, kikaizima. Kisha kikaenda penye alama ya swichi nyingine. Mfanyakazi alijaribu kukizuia asiweze. Punde si punde kompyuta ilimtoa nje, na alipojaribu kurudi akakuta neno lake la siri limekwisha kubadilishwa.

Siku ile mashirika matatu ya kugawa umeme yalishambuliwa kwa wakati mmoja. Vituo vipatavyo 30 vilizimwa, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme katikati ya majira ya baridi, kwa muda wa kati ya saa moja na saa sita. Hakuna mlingoti uliokatwa, wala hakuna bomu lililolipuka. Watu walioko mbali waliitumia ile ile njia ambayo wafanyakazi wa mashirika hayo walikuwa wakiitumia kila siku kufanya kazi yao halali.

Hapana budi tukio hilo lichunguzwe kwa makini katika nchi za eneo hili, ambako mabwawa ya umeme, visima vya maji, mabomba ya mafuta na viwanda vya saruji na sukari vinazidi kuunganishwa na mitandao ya kompyuta. Kuunganisha huko kuna faida kubwa, na atakayesema viachwe vilivyokuwa zamani atakuwa anawarudisha wananchi nyuma. Lakini faida hiyo ina sharti lake, na sharti hilo halionekani mpaka mtu aelewe jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Katika kila kiwanda kuna vyombo vilivyofungwa pale pale kazi inapotendeka, navyo kwa kifupi vyaweza kuitwa vyombo vya mtamboni. Kimoja hupima joto la tanuri, kingine hupima kina cha maji katika tangi, kingine hufungua na kufunga vali, na kingine huamua mota izunguke kwa kasi gani. Hivyo ndivyo macho, masikio na mikono ya kiwanda. Hapo zamani mfanyakazi alikuwa akizunguka na daftari, akisoma mshale wa kila chombo na kuandika alichokiona. Kama vali ilikuwa mbali, alikwenda kuizungusha mwenyewe.

Baadaye wahandisi walipata njia ya kuvuta habari hizo kwa waya mpaka chumba cha uongozi. Njia iliyoenea zaidi ilikuwa ni ya kupitisha mkondo mdogo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Tangi likiwa tupu, mkondo huwa 4. Likijaa, huwa 20. Likiwa nusu, huwa 12. Huenda mtu akauliza kwa nini hawakuanzia sifuri. Sababu ni kwamba sifuri ilipewa maana yake maalumu: mkondo ukifika sifuri, fundi anajua kwamba waya umekatika, wala hadhani kwamba tangi limekauka. Njia hiyo ni imara kiasi kwamba hata leo hutumika katika viwanda vingi duniani. Upungufu wake ni kwamba kila chombo huhitaji waya zake, na kila jozi ya waya hubeba kipimo kimoja tu. Kiwanda chenye vyombo mia tano huhitaji jozi mia tano za waya, pamoja na makabati ya kuzifungia na mafundi wa kuzifuatilia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitengeneza kompyuta ya kuendeshea mitambo, ikachukua mahali pa makabati yaliyojaa swichi za sumaku. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ilitoa lugha ambayo kwayo vyombo vingi viliweza kuzungumza kwenye waya mmoja. Lugha hiyo huitwa Modbus. Utaratibu wake ni mwepesi. Mkubwa mmoja huuliza, na wadogo hujibu. Mkubwa husema: chombo nambari 7, nisomee kilichomo katika kisanduku cha kumbukumbu nambari fulani. Chombo nambari 7 hujibu kwa tarakimu, na wengine wote hunyamaza. Mkubwa aweza pia kuamuru kwamba chombo kiandike tarakimu mpya, yaani mota iongeze kasi au vali ifungwe. Nambari za vyombo huanzia 1 na kuishia 247. Kwa aina ya waya iliyotumika sana, laini moja yaweza kufika mita 1,200, na katika mpango wake wa asili hubeba vyombo 32 bila ya msaada wa kipaza ishara.

Lugha hiyo ilitungwa kwa ajili ya waya uliomo ndani ya uzio wa kiwanda. Aliyeweza kuugusa waya huo alikuwa ni mtu aliyekwisha kupita mbele ya askari wa lango. Kwa hiyo watungaji hawakuona haja ya kuitia lugha yao swali ambalo kila nyumba ya eneo hili hulijua, yaani: ni nani apigaye hodi? Chombo kinachosema Modbus hupokea amri na kuitimiza. Hakiulizi imetoka kwa nani. Jambo hilo halikuwa na ubaya mwaka 1979, lakini lafaa likumbukwe, maana ndilo lililozaa mengi yaliyofuata.

Wakati huo huo, katika upande mwingine wa maarifa, mtandao wa namna nyingine ulikuwa ukikua. Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, jimbo la California, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kubuni mtandao uliopewa jina la Ithaneti. Shabaha yake ilikuwa ni kuunganisha kompyuta za ofisini na mashine za kuchapishia. Kufikia mwaka 1980 mtandao huo uliweza kupitisha vipande vya habari milioni 10 kwa nukta moja, na mwaka 1983 taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE iliufanya kuwa kanuni rasmi. Kwa kulinganisha, laini nyingi za Modbus zilipitisha vipande 9,600 tu kwa nukta.

Hata hivyo wahandisi wa viwandani hawakuupokea kwa haraka. Ithaneti ya mwanzo ilikwenda kama mazungumzo ya barazani pasipo mwenyekiti. Kila mmoja alisikiliza kwanza, akiona kimya akasema. Wawili wakianza kusema pamoja, wote wawili walinyamaza, wakasubiri kwa muda wa kubahatisha, kisha wakajaribu tena. Ofisini hapakuwa na hasara, kwani barua ikichelewa kuchapishwa kwa nusu nukta hakuna anayeumia. Lakini amri ya kusimamisha mashine inayokata chuma haiwezi kungoja bahati. Katika miaka ya 1990 dosari hiyo iliondolewa kwa kuenea kwa swichi za mtandao. Swichi hiyo hufanya kazi mfano wa karani wa posta: huipokea kila barua, husoma anwani, na kuipeleka kwa mwenyewe peke yake kwa njia yake, hata pasiwe na wawili wanaogongana. Tangu hapo Ithaneti ikaingia viwandani, na mwaka 1999 lugha ya Modbus nayo ilipewa njia ya kusafiri juu yake. Maneno ya mwaka 1979 yalitiwa katika bahasha mpya bila ya kubadilishwa.

Lakini kiwanda hakitupi mitambo yake kwa sababu ya uvumbuzi mpya. Kipimo cha maji au swichi kubwa ya umeme yaweza kufanya kazi kwa miaka 20, 30 au zaidi. Ndipo kilipohitajika chombo cha kati, kisanduku kidogo cha ukubwa wa kitabu ambacho wahandisi hukiita kigeuzi. Upande mmoja huingia waya wa kale, upande wa pili waya wa Ithaneti. Kompyuta iliyoko chumba cha uongozi hutuma swali lake ndani ya bahasha ya Ithaneti. Kigeuzi huivua bahasha, huliweka swali kwenye waya wa kale kwa kasi ya kale, hungoja jibu, kisha hulitia katika bahasha na kulirudisha. Kwa fedha kidogo, mtambo uliofungwa kabla ya fundi wake kuzaliwa huanza kuzungumza na kompyuta ya leo.

Kazi ya kukifunga kisanduku hicho yaonekana rahisi, lakini hutaka uangalifu. Kasi ya maongezi kwenye waya wa kale lazima ilingane pande zote, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Vyombo viwili vikipewa nambari moja, hujibu pamoja na kuvuruga maneno. Kompyuta kadhaa zikiuliza kwa wakati mmoja, maswali hupanga foleni katika kigeuzi, kwa sababu waya wa kale hupitisha neno moja moja. Asiyepanga muda wa kungoja atapata majibu yaliyochelewa na kudhani chombo kimekufa. Aidha, kisanduku kimoja cha kumbukumbu cha Modbus hubeba namba ya vipande 16 tu. Kipimo kikubwa hugawanywa katika visanduku viwili, na mafundi wasipokubaliana kipi kisomwe kwanza, bomba lenye maji ya kawaida laweza kuonyesha kiasi kisichoweza kupatikana hata katika ziwa.

Kuna pia suala la waya wenyewe. Waya wa shaba wa Ithaneti ya kawaida haupaswi kuzidi mita 100 kutoka chombo hadi chombo. Penye umbali mkubwa zaidi, au kati ya jengo na jengo, yafaa zitumike nyuzi za kioo zipitishazo nuru. Katika nchi za Maziwa Makuu, ambako radi hupiga kwa wingi, nyuzi hizo zina manufaa ya ziada. Kioo hakipitishi umeme, na kwa hiyo radi ikipiga jengo moja haitasafiri kwa njia hiyo mpaka kwenye mitambo ya jengo la pili.

Ufundi nao unaendelea. Kanuni iliyotolewa na IEEE mwaka 2019 imewezesha Ithaneti kupita kwenye jozi moja ya waya hadi mita 1,000, kwa kasi ya vipande milioni 10 kwa nukta, na waya huo huo waweza kukipa chombo umeme wa kukiendesha. Tangu mwaka 2021 viwanda vya vyombo vya kupimia vimekuwa vikitayarisha bidhaa za namna hiyo, hata kwa sehemu zenye hatari ya mlipuko kama viwanda vya mafuta. Maana yake ni kwamba hatimaye kipimo kilichoko juu ya tangi kitakuwa chenyewe mwanachama kamili wa mtandao, bila ya kigeuzi cha kati.

Faida za kuunganisha hazina ubishi. Fundi wa shirika la maji aweza kuona kutoka mjini kwamba pampu iliyoko kilomita 15 msituni imeanza kupata joto, akaisimamisha kabla haijaungua. Mvujo wa bomba hujulikana kwa kulinganisha kiasi kilichotoka na kiasi kilichofika. Kituo cha umeme kilichozimika usiku wa mvua huweza kuwashwa bila ya gari kupita barabara ya tope. Nchi yenye mafundi wachache na vituo vingi haiwezi kuzipuuza faida hizo.

Sasa yafaa kurudi Ivano-Frankivsk. Uchunguzi uliofanywa baadaye na wataalamu wa Ukraine na wa Marekani ulionyesha kwamba maadui hawakuingia siku ile ya Desemba. Waliingia zaidi ya miezi sita kabla, kwa barua za hadaa zilizotumwa kwa wafanyakazi wa ofisini. Barua hizo zilikuwa na nyaraka zilizofichwa programu haribifu ndani yake. Aliyefungua waraka na kukubali kibonyezo kimoja aliwafungulia mlango. Kwa miezi hiyo wageni wale walikaa kimya, wakikusanya maneno ya siri na kujifunza jinsi mashirika yanavyoendesha kazi.

Lafaa kufahamika wazi kwamba mashirika yale hayakuwa yameacha milango wazi ovyo. Kati ya mtandao wa ofisi na mtandao wa mitambo palikuwa na ukuta wa ulinzi. Lakini katika ukuta huo palikuwa na mlango kwa ajili ya wafanyakazi waliohitaji kuendesha mitambo wakiwa mbali, na mlango huo ulidai neno la siri peke yake. Neno lilipoibwa, mlango haukuwa na namna ya kumtambua mwizi. Lau ungedai na ushahidi wa pili, kwa mfano nambari inayobadilika kila mara kutoka katika kifaa alichonacho mfanyakazi mkononi, neno lililoibwa peke yake lisingetosha.

Ilipofika saa ya kushambulia, maadui walizima swichi, kisha wakafanya jambo la pili lililodhihirisha ujuzi wao. Walituma programu mbovu katika vile vigeuzi vilivyokuwa vituoni, vile vile visanduku vidogo vinavyounganisha mitambo ya kale na Ithaneti. Programu ya ndani ya vigeuzi ikafutika, vikafa palepale, na hapakuwa na njia ya kuvifufua kutoka mbali. Ilibidi vibadilishwe. Hivyo basi, waliiingia nyumba kwa ngazi, na walipomaliza wakaivunja ngazi ili mwenye nyumba asipande. Zaidi ya hayo walifuta kumbukumbu za kompyuta, na wakajaza simu za bandia katika laini ya wateja ili wananchi waliokuwa gizani wasiweze kueleza hali yao.

Ukraine iliokolewa na mambo mawili ambayo hayakuwa ya kisasa hata kidogo. Kwanza, swichi za vituo vile bado zilikuwa na sehemu ya kuwashwa kwa mkono. Pili, walikuwako mafundi waliojua kufanya hivyo. Waliondoka kwa magari, kituo baada ya kituo, wakaondoa uongozi wa kompyuta na kuwasha swichi kwa mikono yao. Ndiyo maana giza lililotengenezwa kwa miezi sita liliondolewa kwa saa sita. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa baadaye, mashirika yale yaliendelea kufanya kazi bila ya msaada kamili wa vyombo vyao vya mbali.

Hilo halikuwa la mwisho. Tarehe 17 Desemba 2016, karibu na usiku wa manane, kituo cha Pivnichna kilicho kaskazini ya Kyiv kilizimwa, na kiasi cha sehemu moja ya tano ya umeme wa mji huo ikakosekana kwa muda wa saa moja hivi. Safari hii hapakuwa na mtu aliyesogeza kishale. Programu iliyotumika, ambayo wataalamu waliipa jina la Industroyer, ilijua yenyewe kusema lugha za mitambo ya umeme. Mwezi Oktoba 2020 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka maofisa sita wa idara ya ujasusi wa jeshi la Urusi, ikiwashutumu pamoja na mengine kuhusika na mashambulio hayo. Urusi imekuwa ikikanusha shutuma za namna hiyo.

Kisha likaja tukio la Lviv, ambalo labda ndilo lenye fundisho la wazi kuliko yote. Mwezi Januari 2024, wakati hali ya hewa ilikuwa chini ya nyuzi sifuri, zaidi ya majengo 600 ya makazi katika mji huo yalikosa joto kwa muda wa karibu siku mbili. Katika miji ya Ukraine maji ya moto hupikwa mahali pamoja na kusambazwa majumbani kwa mabomba, na vidhibiti vidogo huongoza joto la maji hayo. Kwa mujibu wa uchunguzi uliotangazwa mwezi Julai 2024 na kampuni ya usalama ya Dragos, vidhibiti hivyo vilipelekewa amri kwa lugha ya Modbus iliyo juu ya Ithaneti. Amri ziliandika tarakimu za uongo, vidhibiti vikaamini, na maji yakaenda baridi. Lugha ya mwaka 1979 iliamriwa na mgeni, nayo kama desturi yake haikuuliza jina.

Wazee na watoto waliotetemeka kwa baridi katika majengo yale hawakujua Modbus ni nini, wala haikuwapasa kujua. Ilikuwapasa kujua wale waliopewa dhamana ya mitambo. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chombo cha mtamboni kikiunganishwa na mtandao, usalama wake hautoki tena katika uzio na askari wa lango. Sharti ujengwe upya, kwa makusudi, na kwa gharama inayojulikana tangu mwanzo.

Namna ya kuujenga si siri. Mtandao wa mitambo utengwe na mtandao wa ofisi, na ndani yake ugawanywe tena, ili mwenye kufika kwenye pampu asiweze kufika kwenye swichi kuu. Kila njia ya kuingia kutoka mbali idai zaidi ya neno la siri, na ifungwe wakati haitumiki. Kila kigeuzi na kidhibiti kiandikwe katika daftari, kijulikane kilipo, kina programu gani, na ni nani aliyebadilisha mara ya mwisho neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Pale ambapo inatosha kusoma kipimo tu, kigeuzi kizuiwe kabisa kupitisha amri ya kuandika. Na kwa kuwa tangu mwaka 2018 kuna kanuni ya kuifunika Modbus kwa maandishi ya siri na kumtambua asemaye, wanunuzi wa mitambo mipya wana haki ya kuidai.

Pamoja na hayo kuna jambo ambalo fedha peke yake haziwezi kulinunua. Mikataba mingi ya mitambo katika nchi zinazoendelea hutekelezwa na makampuni ya kigeni. Mitambo hufungwa, sherehe ya ufunguzi hufanywa, na wageni huondoka. Ikiwa njia ya mbali ya kuendeshea mtambo imebaki mikononi mwa aliyeufunga, na fundi mwananchi hana hata orodha ya maneno ya siri, nchi hiyo imepewa mtambo bila ya ufunguo wake. Kukabidhiwa mtambo maana yake ni kukabidhiwa pamoja na michoro, nambari, programu na maarifa ya kuurekebisha.

Kwa nchi za eneo hili suala hili lina uzito zaidi kwa sababu umeme wao umekwisha kufungamana. Umeme wa Ruzizi ya Pili hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Kongo. Mtambo wa Rusumo wenye megawati 80 hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Uganda imekuwa ikiiuzia Kenya umeme kwa miongo mingi, na tangu Novemba 2022 Kenya hununua pia umeme wa Ethiopia kwa njia kubwa inayovuka mpaka. Ushirikiano huo ni neema. Lakini waya unaoleta umeme wa jirani waweza kuleta na mtikisiko wake. Kituo kimoja kikizimwa ghafula, mizigo huhama, na nchi ya pili huhisi. Kwa hiyo ulinzi wa mitambo ya nchi moja si shauri lake peke yake. Yafaa mashirika ya umeme ya nchi jirani yapeane habari ya kila jaribio la kuingiliwa, na yafanye mazoezi ya pamoja, kama vile majeshi na wazima moto wafanyavyo.

Zaidi ya yote, mazoezi hayo yajumuishe siku ambayo kompyuta zote zitazimwa kwa makusudi, na mafundi watakiwe kuendesha kituo kwa mikono. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye hajapata kuuona mtambo isipokuwa kwenye kioo, aende akashike mpini wa swichi chini ya uangalizi wa mzee aliyeushika kwa miaka thelathini, kabla mzee huyo hajastaafu na kuondoka na maarifa yake. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mafundi wa Ukraine walipoitwa gizani walijua pa kwenda na la kufanya wakifika. Kila nchi inayounganisha mitambo yake na mtandao yapasa ijiulize leo kama mafundi wake wangelijua vilevile, na kama jibu si ndiyo, basi kazi ya kwanza ianzie hapo.